Kovu Moja, Vina Viwili

SWALI: Shikamoo mama. Ninapima makovu ya wadudu wafyonzao kwenye maganda ya korosho ghafi. Kwa hadubini ya stereo, ile ya macho mawili inayoonyesha kina cha kitu, napiga picha mbili, simu nikiwa nimeishika mkononi, kwanza kwenye lenzi ya jicho la kushoto, kisha la kulia. Programu ya kompyuta ndiyo inayounda umbo la uso. Kovu lilelile asubuhi lilitoa kina cha milimita 0.3, jioni 0.5. Taa naisogeza kila picha ili ganda lisimeremete. Je, nibadili programu?
Msomaji, Chikongola, Mtwara

JIBU: Marahaba, mwanangu. Programu iache kwanza, tatizo linaanzia mezani.

Katika hadubini nyingi za aina hii, macho mawili hukitazama kitu kwa mistari inayokutana kwa pembe ndogo, nyuzi 10 hadi 12 hivi. Pembe ikiwa nyuzi 11, nukta iliyohama milimita 0.01 kati ya picha ya kushoto na ya kulia huhesabiwa kuwa kimo cha milimita 0.05. Kwa hiyo tofauti yako ya 0.2 inahitaji kasoro ya milimita 0.04 tu. Simu ya mkononi inayojitafutia fokasi yenyewe inatosha kabisa kuileta. Ifunge kwenye kishikizo, fokasi na mwanga uviweke kwa mkono, na upige kwa kuchelewesha sekunde mbili ili kidole kisitikise.

Taa ndiyo iliyoniuma zaidi kwenye barua yako. Chukua korosho moja uitazame kwa jicho la kushoto, kisha la kulia. Kale kadoa keupe ka mng'ao kamehama, ingawa ganda halikusogea hata kidogo. Programu hukachukulia kuwa alama ya ganda lenyewe, ikachimba shimo au ikainua kichuguu pasipo na kitu. Ukisogeza taa baada ya picha ya kwanza na kabla ya ya pili, na vivuli vyote navyo vinahama. Mimi hukata kitako cha kikombe cheupe cha plastiki, nikakisimamisha kuzunguka korosho, na taa ikapiga kwa nje. Mwanga unaoingia ni laini, wa pande zote. Taa isiguswe mpaka picha zote mbili zimepigwa. Ganda likibaki linang'aa, lipulizie poda ya mtoto kidogo sana, vumbi la kuonekana kwa shida, maana poda nene itafukia kovu unalolipima.

Halafu, kabla ya korosho yoyote, piga picha ya kitu bapa. Miaka ile nikiwa maabara niliwahi kukabidhi jedwali zima la vimo, kisha nikaweka chini ya lenzi karatasi ya grafu iliyobandikwa kwenye slaidi ya kioo. Ilitoka imebenuka kama mgongo wa kobe. Jedwali niliomba nirudishiwe, nikapima upya wiki nzima. Hadubini yenye lenzi kubwa moja chini hupitisha kila picha pembeni mwa lenzi hiyo, na uso bapa unaweza kutoka umevimba. Ile yenye lenzi mbili zilizoinama hugeuza mraba kuwa trapeza, yaani mpana upande mmoja na mwembamba upande wa pili, kila picha kwa mwelekeo wake. Upotofu huo ukiupima kwenye grafu, unauondoa kwenye kila kipimo.

Kwa kimo, nenda kwa fundi magari umwazime fila geji, vile vibamba vya chuma vya kupimia nafasi ya valvu. Unene umegongwa juu ya kila kimoja. Weka cha 0.30 juu ya slaidi, kipake chaki kisimeremete, piga picha mbili. Programu ikikupa 0.38, umeshajua hadubini yako inakosea kwa kiasi gani na upande gani.

Kuna watakaokushauri ufunge kamera kwenye bomba la tatu la juu. Bomba hilo kwa kawaida hupokea picha ya upande mmoja tu, kwa hiyo jozi hutaipata hapo, labda uiinamishe korosho yenyewe kwa pembe unayoijua.

Na zumu, ile ya kukuza au kupunguza picha: kila ukiigeuza, vipimo vya grafu na fila vinakufa, unaanza upya. Mimi huchagua kituo kimoja inapolia «tik», nikaifunga kwa utepe wa karatasi, na utepe hautoki mpaka korosho ya mwisho.