Gari la kambi lililoegeshwa: alamu inatosha?

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Land Cruiser niliyoifunga kitanda, jiko na friji nyuma kwa safari za Kitulo na Ruaha. Mvua zikianza naiegesha nyumbani Uyole hadi Mei. Msimu uliopita walivunja mlango wa nyuma, wakabeba betri ya pili na mtungi wa gesi. Jirani anasema nifunge alamu. Inatosha?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Alamu funga, ila isiwe kitu cha kwanza.

Kwanza rudi kinyumenyume hadi kati ya mlango wa nyuma na ukuta ibaki nafasi ya kiganja. Mlango hautafunguka hata kufuli likatwe, na hujatoa hata shilingi. Ua ukiwa mdogo, basi kazi ni kwenye mlango wenyewe. Angalia komeo lilivyofungwa. Mara nyingi nakuta skrubu fupi au ribiti, na mtaimbo unaling'oa na kufuli lake zima, hata liwe la bei gani. Weka bamba la chuma ndani na nje, pitisha boliti za kichwa cha mviringo, nati zibaki ndani. Bawaba zikiwa nje, pini hugongwa zikatoka, kwa hiyo mchomeleaji azipige nukta za kuchomelea juu na chini. Kabla hajawasha mashine, chomoa nyaya za betri na utoe mtungi.

Sasa alamu. Inakula umeme usiku na mchana. Ikivuta miliampea 50, kwa siku ni ampea-saa 1.2, kwa mwezi 36. Betri ya N70 ina ampea-saa 70 hivi, kwa hiyo mwezi mmoja tu nusu imekwenda. Mwezi wa pili king'ora hakiliki, na betri iliyokaa bila chaji hushika salfa, yaani ukoko mgumu kwenye bamba zake za ndani, ikafa kabisa. Funga paneli ya sola ya wati 20 na chaji kontrola yake, kile kifaa kinachozuia betri isijazwe kupita kiasi; hata kwa mawingu yetu haya itarudisha kinacholiwa. Paneli ikae juu ya bati la nyumba. Ukiiweka juu ya gari umewaongezea cha kuiba! Chagua pia king'ora chenye betri yake ndani, ili wakikata waya kiendelee kulia.

Friji, betri ya pili na godoro vilale ndani ya nyumba, mtungi ukae stoo yenye hewa. Mapazia ya gari yaache wazi wachungulie waone hamna kitu.

Gari zima kuibwa hukuuliza, ila kama injini ni ile ya dizeli ya 1HZ, weka swichi ya siri kwenye waya wa solenoidi inayokata dizeli kwenye pampu. Usiifiche chini ya usukani, huko ndiko wanakoanza kupapasa.