Kinga ya goti inapasuka kileleni: jibu kwa fundi bodi

SWALI

Shikamoo fundi. Mimi ni fundi wa kunyoosha bodi za magari, nipo Morogoro. Nimeanza kutengeneza kwa mkono deraya ya mguu, yaani vazi la chuma la vitani, kwa mfano wa zile za Milano, Italia, za karne ya 15. Bamba la paja na la muundi nimeyaweza, maana umbo lake halitofautiani sana na nusu ya bomba. Goti ndilo linanipa shida. Natumia shiti nyeusi ya geji 16, naigonga baridi kutokea ndani, kwenye shimo nililochonga kwenye gogo. Ikifika kina cha sentimita tano hivi, kileleni inakuwa nyembamba hadi inabonyea kwa dole gumba, na moja imepasuka kabisa. Pembeni nako kunafanya mawimbi. Lile bawa la ubavuni sielewi linatokaje kwenye bamba hilohilo. Je, nichomelee vipande viwili? Na mafundi wa kale walitumia chuma gani, nami nikizamishe kwenye maji kiwe kigumu?

JIBU

Marahaba, fundi mwenzangu. Shiti yako haina kosa, na wala usiongeze unene wake. Unaigonga kutokea upande mmoja tu, na hilo ndilo linaloimaliza.

Tuanze na hesabu, kwa sababu ukishaielewa utaacha kupambana na mawimbi. Lichukulie goti kuwa kikombe chenye upana wa sentimita 14 mdomoni na kina cha sentimita 5. Uso wa kikombe hicho una eneo la mara moja na nusu ya duara la mdomo wake. Ukigonga kutokea ndani huku ukingo umekaa palepale, shiti yako ya geji 16, yaani milimita 1.5, inalazimika kutandaa ifunike eneo lote hilo, hivyo unene wa wastani unashuka hadi kama milimita 1. Huo ni wastani tu. Kileleni, ambako umepiga zaidi, unashuka kuliko hapo. Maana yake unatengeneza kinga iliyo dhaifu mahali penyewe pa kupokea pigo.

Deraya za kale zilizosalia zinaonyesha kinyume chake. Dirii ya kifuani kwa kawaida ni nene mbele katikati, milimita 2 au zaidi, kisha inapungua kuelekea mbavuni. Chapeo, yaani kofia ya chuma, nayo ni nene mbele na juu kuliko nyuma. Mabamba ya miguu na mikono ni mepesi zaidi, mengi yako kati ya milimita 1 na 1.5. Ndiyo maana vazi zima la vitani lilikuwa na uzito wa kilo 20 hadi 25 tu, na mwenye nalo aliweza kupanda farasi, kukimbia na kuinuka akianguka. Uzito uliwekwa mahali penye hatari na kuondolewa penginepo. Fundi wa Milano hakuanza na shiti yenye unene mmoja kama yako. Alianza na pande la chuma lililofuliwa kuwa bamba, mara nyingi kwa nyundo kubwa zilizoendeshwa na maji ya mto, na aliweza kuacha unene alikotaka. Wewe una shiti ya kiwandani. Njia yako ya kulinda kilele ni kukigusa kidogo iwezekanavyo na kuuleta ukingo ndani.

Kwa hiyo badilisha mwanzo wa kazi. Usikate duara la sentimita 14. Kwa kikombe kilekile, kata duara la sentimita 17 na kitu. Mzunguko wa duara hilo ni kama sentimita 54, na mdomo wa kikombe unatakiwa kuwa na mzunguko wa sentimita 44. Hizo sentimita 10 za ziada lazima zimezwe na chuma chenyewe, na mawimbi unayoyaona ni hizo sentimita zinazotafuta pa kwenda. Ukizisukuma ziingie ndani ya unene, ukingo unafupika na kunenepa, na kilele kinabaki na milimita zake.

Anza kwenye gogo kama ulivyozoea, lakini ishia kwenye kina cha sentimita 2 basi. Kisha ligeuze bamba, tumbo likae juu ya fuawe (chuma cha kugongea juu yake) yenye kichwa cha mviringo. Kama huna, ule mpira wa chuma wa kufungia trela, uliochomelewa kwenye nguzo nzito, unafaa sana. Upige msasa hadi ung'ae. Sasa unagonga kutokea nje. Bamba lishike liguse fuawe mahali pamoja, na nyundo ishuke pembeni kidogo ya hapo, upande wa ukingo, mahali ambapo chini yake kuna hewa. Ukigonga palipogusana na fuawe unabana chuma katikati ya vyuma viwili na kukitandaza, yaani unarudi kulekule. Ukigonga pembeni ya mgusano unakilaza kiingie ndani. Sauti itakuambia: mgongano wa chuma kwa chuma unalia kwa ukali, na pigo sahihi lina mlio mzito usiovuma.

Nenda kwa mizunguko, ukianzia karibu na kilele na kushuka hadi ukingoni. Mzunguko mmoja ukiisha, anza mwingine. Wimbi likianza kuinuka lipige mapema, likiwa bado pana na chini. Usiliache lisimame hadi likajilalia lenyewe, kwa sababu mkunjo uliojilalia haufunguki tena bila kuacha ufa.

Moto sasa. Wewe mtu wa bodi unajua tayari kwamba chuma kikipata moto mahali pamoja na kuzungukwa na chuma baridi, kinasinyaa kikipoa. Tumia elimu hiyohiyo. Pasha ukingo peke yake kwa gesi au kwenye mkaa wenye mvukuto, ufikie wekundu wa wazi, kati ya nyuzi 800 na 900 za Selsiasi, kilele kikiwa kimebaki baridi. Ukingo laini utakubali kufupika na kilele kigumu kitakataa kutanuka. Wekundu ukififia, simama, rudisha motoni. Jambo hili nalisisitiza kwa sababu watu wengi huendelea kugonga wakidhani joto lililobaki linasaidia. Chuma laini kikiwa kati ya nyuzi 200 na 400 hivi, pale kinapochukua rangi ya bluu kikisuguliwa, kinakuwa rahisi kuvunjika kuliko kikiwa baridi kabisa. Ama kigonge kikiwa chekundu, ama kiache kipoe hadi ukishike kwa mkono.

Ukipenda kufanya sehemu kubwa baridi, inawezekana, ila kila baada ya mizunguko michache bamba linakuwa gumu na nyundo inaanza kurudi mkononi. Hapo lipashe lote hadi wekundu hafifu, karibu nyuzi 700, ulifukie kwenye jivu lipoe taratibu. Litakuwa laini tena.

Kuhusu ule mpasuko, nahisi kilele hakikupasuka kwa wembamba peke yake. Angalia kama kulikuwa na mkwaruzo wa grinda au alama ya msumari uliotumia kuchorea. Ufa huanzia kwenye jeraha. Kabla ya pigo la kwanza, pitisha tupa kwenye ukingo wote hadi meno ya mkasi yaishe, kisha msasa. Chora kwa kalamu ya wino au chaki.

Umesema shiti nyeusi, vizuri. Nasema kwa ajili ya wengine wanaosoma: usitumie mabati wala shiti yoyote iliyopakwa zinki. Ikiingia motoni inatoa moshi mweupe, na ukiuvuta unapata homa, baridi na maumivu ya mwili saa chache baadaye. Kukaa nje kwenye upepo hakutoshi kukukinga. Na pamba za masikioni ziwe jambo la kila siku. Kazi hii ina mapigo maelfu juu ya bamba linalolia kama kengele.

Tuje kwenye bawa, ambalo kwangu ndilo uzuri wote wa mguu wa Milano. Lipo upande wa nje wa goti, kwa sababu upande wa ndani unakaa kwenye ubavu wa farasi. Linazunguka kwenda nyuma, likikinga mshipa mkubwa na mkanda wa ngozi uliofungwa pale. Unalikata pamoja na kikombe kwenye kipande kimoja: duara la kikombe, na ubavuni mwake limetokeza ulimi mpana. Tengeneza kwanza kiolezo cha kadibodi, ukivae, ukunje goti, ukate upya. Pima goti likiwa limekunjwa, ukiwa umevaa nguo nene ya pamba ya ndani, la sivyo utapata kinga nzuri ya kuangalia isiyoruhusu kukaa.

Mahali ulimi unapokutana na kikombe pana kona mbili, juu na chini. Ziache za mviringo. Kona kali hapo ni ufa unaosubiri. Inua kikombe hadi karibu umbo lake la mwisho huku ulimi umebaki bapa, kisha ndipo uulaze kuelekea nyuma. Utaona chuma kinazidi shingoni. Usilazimishe kilale tambarare. Weka shingo juu ya fuawe yenye mfereji, au vipande viwili vya nondo vilivyochomelewa sambamba, ukigonge kwa nyundo yenye mdomo mwembamba, kizame kiwe bonde lenye umbo la V kutoka shingoni kwenda katikati ya bawa. Bonde hilo linameza ziada na kulifanya bawa liwe gumu bila kuongeza uzito. Kingo za juu na chini za bawa zinahitaji kitu cha kinyume: zirefuke, zifunguke kama upepeo. Hizo ndizo sehemu pekee za goti ambapo ruhusa ipo ya kubana chuma kati ya nyundo na fuawe kikatandaa.

Swali la kuchomelea. Kama ni vazi la jukwaani na onyesho ni mwezi ujao, kata nusu mbili, ziungane kwenye mstari wa kati, maliza. Tumia gesi, kwa sababu mshono wa gesi ni laini na unakubali kugongwa baadaye. Fimbo za umeme kwenye milimita 1.5 zitakutobolea. Lakini umesema unafanya kwa mkono, kwa mfano wa Milano. Basi usichomelee. Umbo linalotokana na mshono halifanani na lililoinuliwa, hata ukisaga mshono ukapotea: mkunjo wa kati unakuwa mkali mno na mashavu yanakuwa bapa. Mkono wako umeshafundishwa na bodi za magari kusikiliza shiti. Sehemu ngumu zaidi ya kazi hii unayo tayari.

Ukipata picha za deraya iitwayo Avant, iliyoko kwenye makumbusho ya Glasgow, Uskoti, zikague kwa muda mrefu. Ilitengenezwa Milano na familia ya Corio, karibu mwaka 1440, na ni miongoni mwa mavazi ya zama hizo yaliyobaki karibu kamili. Tazama jinsi mwanga unavyotembea juu ya goti bila kukatika. Tafuta pia picha za upande wa ndani wa deraya yoyote ya kale. Nje mafundi walilainisha kwa nyundo bapa iliyong'arishwa, wakapeleka kwenye mawe ya kusagia. Ndani mara nyingi waliacha alama za nyundo zilivyo. Alama hizo zinakuonyesha mapigo yalipita wapi.

Kuhusu chuma chenyewe na maji: chuma chao kilitoka kwenye tanuri kikiwa na kaboni isiyo sawa, sehemu laini na sehemu ngumu, pamoja na mistari ya takataka za tanuri ndani yake. Milano walikuwa wakipoza baadhi ya mabamba kwa haraka ili yawe magumu, si yote. Mafundi wa Augsburg, Ujerumani, na Innsbruck, Austria, walikuja kuimudu kazi ya kuzamisha kisha kurudisha moto kwa uhakika mkubwa. Shiti yako ya kawaida ina kaboni ndogo mno, takriban asilimia 0.1 hadi 0.2. Ukiizamisha nyekundu kwenye maji haitakuwa ngumu kiasi cha maana, ila itapinda. Kwa ugumu wa kweli unahitaji chuma chenye kaboni karibu asilimia 0.5, uizamishe kwenye mafuta, kisha uirudishe motoni kwa joto la chini ili isivunjike kama kioo. Hiyo ni kazi ya goti la baadaye. Stenlesi nayo iache: inakuwa ngumu haraka chini ya nyundo, na utajifunza hasira kabla ya kujifunza umbo.

Mwisho ni viungo. Juu na chini ya goti kuna vipande vyembamba vinavyoliunganisha na bamba la paja na la muundi; vinazunguka kwenye ribiti (msumari wa kuunganishia mabamba) moja kila ubavu. Usipige ribiti mapema. Funga kwa bolti ndogo kwanza, vaa, chuchumaa, panda ngazi, uone wapi chuma kinagota kwenye chuma, upunguze kwa tupa. Ukiridhika, weka kipande cha kadibodi kati ya bamba na bamba, ndipo ugonge ribiti ya chuma laini. Kadibodi ukiilowesha na kuitoa, kiungo kinabaki na nafasi ndogo ya kucheza. Kingo za kukunja na kung'arisha zifanywe baada ya jaribio la bolti, maana ukingo uliokwisha kukunjwa hauwezi kupunguzwa.

Goti la kwanza likiisha, lipime unene wa kilele kwa kalipa yenye miguu iliyopinda. Likiwa juu ya milimita 1.3, endelea na la pili. Likiwa chini, nitumie picha ya upande wa ndani, tuangalie mapigo yako yanaangukia wapi.