Vyumba vya kupangisha bila ya hati ya mshahara

Wadogo zangu mnaouza samaki, mnaochuma karafuu, mnaoshona na mnaoendesha bodaboda hapa Pemba, nyumba ya kupangisha si ya mtumishi wa serikali peke yake. Benki inapokudai hati ya mshahara ukiomba mkopo wa kujengea, inachotaka kujua ni kama fedha zinaingia na kama utalipa. Hayo yanaoneshwa kwa njia nyengine pia.

Anza na akaunti, tena mapema, kabla hujaomba chochote. Fedha za kila unachouza zipite humo, hata ikiwa jioni utazitoa. Fedha za kwenye kibubu hazina shahidi. Mwenye mikarafuu ahifadhi stakabadhi za ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, za misimu yote, ule wa neema na ule ambao mikarafuu haikuzaa. Afisa wa mikopo anahitaji kuiona yote miwili.

Kwenye ardhi msifanye haraka. Kwa sheria ya mwaka 1992, ardhi ya Zanzibar ni mali ya umma. Wewe unapewa haki ya kuitumia. Karatasi ya mauziano yenye muhuri wa sheha msiitegemee kuwa dhamana, ifuatilieni hati yenyewe Kamisheni ya Ardhi. Kiwanja kikiwa cha marehemu babu, gawaneni mirathi kwanza. Nimeona nyumba imeshafika lenta ikasimamishwa na shangazi mmoja, na haki ilikuwa yake.

Panapowaumiza wengi ni marejesho. Kwa murabaha, benki inanunua saruji, nondo na mabati, kisha inakuuzia kwa bei iliyotiwa faida, nawe unalipa kwa awamu. Bei hiyo ikishakubaliwa haipandi, na kwa mtu asiye na kipato cha kila mwezi hilo ni jambo kubwa. Kabla ya kutia saini uliza kama awamu nzito zinaweza kuwekwa baada ya mavuno. Wakikataa, piga hesabu na vyumba vitupu. Tuseme vyumba vinne vya shilingi 70,000 vinakupa 280,000, na marejesho ni 200,000. Viwili vikikaa bila mtu unapata 140,000, na 60,000 zilizopungua zinatoka kwenye chakula cha watoto.

Kwa hivyo jengeni viwili kwanza, na choo na tangi la maji. Mpangaji akitoa kodi ya miezi sita mbele, fedha hiyo ni ya chumba cha tatu, msiile. Milango na madirisha inunuliwe kwa fedha za upatu. Mkopo muuache kwa nondo na mabati.