Sisi tusiojua kunyamaza

Asubuhi nikitoka kwangu Igoma, hapa Mwanza, kwenda kupanda daladala natumia nusu saa njia ambayo mwenzangu anamaliza kwa dakika 5, maana huyu nimsalimie, yule nimuulize mtoto kaamkaje, na mama wa vitumbua ananisubiri nimmalizie stori ya jana. Mume wangu sasa, maneno yake ya siku nzima yanaenea kiganjani. Nikianza tu anaongeza sauti ya redio.

Ila huu mdomo siwezi kuulaani, umenilisha. Nauza dagaa soko la Mwaloni Kirumba, tupo wengi na dagaa zetu zinafanana, mteja anapita anaangalia tu, mimi nishamuita, nishamuuliza anaunga nazi au anakaanga, nishamtafunisha moja iliyoanikwa kichanjani na moja iliyoanikwa mchangani asikie mwenyewe ipi inakwaruza meno, akija kushtuka anacheka huku anafungua pochi. Wateja wangu wa Shinyanga na Kahama wengi niliwapata kwenye basi, stori tu.

Sasa mwaka juzi nikapanda meli ya Nansio, kule Ukerewe, kufuata mzigo, masaa matatu na ushee hayo, utakaa kimya vipi? Pembeni yangu dada mmoja mpole, kanipa karanga. Basi nikafunguka. Nikamwambia kipindi cha giza ndo cha kununua kwa sababu dagaa wanafuata taa mitumbwi inajaa, mbalamwezi ikiwa kubwa taa haifui dafu, dagaa wanaadimika bei inapaa, hapo ndo unatoa mzigo wako stoo. Hiyo kila mfanyabiashara anaijua, haina shida. Shida nilienda mbele nikataja mwalo, pale mitumbwi inaposhusha dagaa, nikamtaja mzee ninayechukua kwake, bei ya gunia, mpaka kwamba hela yangu haijatimia ntamalizia baada ya wiki.

Usiku nikalala kwa shangazi, tukaongea mpaka saa nane, nikachelewa kuamka. Kufika mwaloni yule dada wa karanga anahesabu magunia yanapakiwa. Mzee hakunificha, "Mwanangu, mwenzio kaja na keshi."

Watu wakanishauri nipunguze kuongea. Nilijaribu siku mbili, mume akaniuliza kama naumwa malaria. Kilichokuja kunisaidia ni kuuliza maswali, jamani jaribuni, mdomo unapata kazi yake ileile lakini anayemwaga mambo ni mwingine. Bei, hela na jina la ninayefanya nae biashara siku hizi havinitoki mpaka mzigo ushuke sokoni. Na mtu akianza "shoga nakwambia wewe tu" namkatisha palepale, namwambia mwenzangu hiyo haitakaa, mpelekee mwingine. Wengine wananuna, bora wanune kuliko yaliyonikuta na wifi yangu (hayo siandiki, tumeshapatana). Voisi za dakika nne kwenye WhatsApp nazo nimeacha, maneno ya mdomoni utayakana, voisi inasambazwa na sauti yako.

Mwezi uliopita meli ileile, kaka mmoja kaniuliza, "Dada, unaenda kuchukua nini huko?" Nikamjibu naenda kumsalimia shangazi. Halafu nikamuuliza yeye. Tunashuka Nansio nishajua machungwa anachukulia wapi, anauzia nani Mwanza, na kwamba kanunua pikipiki mke wake hajui.

Hilo la pikipiki sijamwambia mtu. Nyie tu.