Homa, degedege na kimeo: maswali ya wazazi wa Tanga

Mwanangu ana miaka mitatu. Amechemka usiku kucha, asubuhi zahanati wakampima, hana malaria. Dukani wananiambia nimpe tu dawa ya mseto ya malaria, eti vipimo vinadanganya. Nimpe? (Mama, Ngamiani)

Usimpe, mama. Homa ya mtoto ina milango mingi: mafua, sikio, njia ya mkojo, nimonia, hata dengi, ambayo ilitupiga Tanga mwaka 2019. Ukimpa mseto ilhali ana nimonia, siku tatu za dawa zitapita na nimonia inazidi. Mpe parasetamoli kwa uzito wake, mpunguzie nguo, anywe mara kwa mara. Homa ikiendelea siku ya pili au ya tatu, mrudishe apimwe upya, na mkojo pia. Akilegea, akitapika kila kitu au akishindwa kunywa, mrudishe saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Siku kipimo kikionyesha malaria, ndipo mseto una kazi. Dozi ya pili ni baada ya masaa 8, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata. Mpe pamoja na maziwa au uji wa nazi, kwani dawa hii huingia mwilini vizuri ikikuta mafuta. Akitapika kabla ya nusu saa, rudia dozi hiyo. Na umalize zote, hata akiwa ameshaanza kucheza.

Mjukuu wangu alikakamaa, macho yakageuka juu. Majirani wakasema ni degedege, afukizwe kwanza, akichomwa sindano atakufa. Wana ukweli? (Bibi, Pongwe)

Shikamoo bibi. Hapo hawana ukweli, na maneno hayo yananiumiza kila nikiyasikia. Mtoto mwenye degedege mara nyingi hufikishwa hospitali akiwa hoi, amechelewa. Akifariki baada ya sindano, lawama inaangukia sindano. Kumbe kwa malaria iliyopanda kichwani, sindano ya artesuneti ndiyo inayookoa. Kila saa inayoishia kwenye mafusho ni saa ya ugonjwa kusonga mbele.

Akikakamaa tena, mlaze kwa ubavu, sogeza vitu vya kumuumiza, legeza nguo shingoni. Usimtie kijiko wala kidole mdomoni, usimnyweshe chochote mpaka azinduke. Kisha safari, hata kama ametulia: kituo cha karibu, nao wakiona haja watawapeleka hospitali ya mkoa, Bombo. Wengine hupata degedege kwa homa tu na likapita salama, lakini nyumbani huwezi kulitofautisha na malaria kali wala homa ya uti wa mgongo. Hiyo ni kazi ya vipimo.

Mtoto wa miezi minane anakohoa wiki nzima. Fundi anasema kimeo kimerefuka, kikatwe. (Baba, Duga)

Nakuomba, baba, usimpeleke. Kimeo, kile kinyama kinachoning'inia kooni, kila mtu anacho, na si chanzo cha kikohozi. Kukikata kunaweza kumwaga damu isiyozuilika, na kile kisu kinaweza kumwachia pepopunda au virusi vya Ukimwi.

Tazama kifua. Mvue shati akiwa ametulia, si wakati analia wala ananyonya, kisha hesabu tumbo linavyopanda kwa dakika nzima. Kwa umri wake, pumzi 50 au zaidi ni dalili ya nimonia; akifika mwaka mmoja, hesabu ni 40. Zikifika hapo, mpeleke kituoni leo leo. Ukiona chini ya mbavu panabonyea kila anapovuta pumzi, usisubiri hata saa moja. Nimonia ya kawaida hutibiwa kwa amoksilini ya vidonge vya kuyeyusha. Angalia na kadi yake kama alipata chanjo za wiki ya 6, 10 na 14, maana kinga ya nimonia imo humo. Kikohozi kikivuka wiki mbili, mwombe daktari amchunguze kifua kikuu, hasa kama kuna mtu mzima nyumbani anayekohoa.

Mtoto anaharisha maji. Madafu yanatosha? (Dada, Makorora)

Madafu mpe, lakini hayachukui nafasi ya ORS, ile chumvi na sukari ya pakiti. Pakiti moja kwenye lita moja ya maji safi, kidogo kidogo kwa kijiko, na zinki kila siku kwa siku 10 hadi 14 hata choo kikishakaza. Endelea kumnyonyesha. Ukiona damu kwenye choo, au macho yamezama, nenda hospitali.

Kijana wangu wa miaka kumi anakojoa damu mwishoni mwa mkojo. Wenzake wanasema ni kawaida, wote wanaoga mtoni. (Mama, Muheza)

Kuzoeleka hakukufanyi kuwa salama. Dalili hiyo inafanana sana na kichocho, kinachotokana na vijidudu wanaoishi kwenye konokono wa maji yasiyo na chumvi na kupenya ngozi mtoto akioga. Apimwe mkojo wa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, muda ambao mayai hutoka kwa wingi, na yale matone ya mwisho yawemo kwenye kikopo. Dawa ni prazikwanteli, hupimwa kwa uzito na humezwa akiwa ameshiba. Wale wenzake anaooga nao wapimwe pia.