Chagua Difu Ukianzia Mstari wa Kumalizia

Ukiuliza watu wa mbio za dragi (zile fupi za kwenda moja kwa moja kwenye njia iliyonyooka) ufunge difu ya ngapi, yaani gia za mwisho kwenye ekseli ya nyuma, wengi watakutajia namba kubwa kuliko uliyo nayo. Una 3.55? Funga 4.10. Una 4.10? Mbona hujaweka 4.56? Ushauri huo huwa unafikiria pale pa kuondokea tu. Mimi nimezoea kuanzia upande wa pili: gari likikata mstari wa kumalizia, injini iwe inazunguka mara ngapi kwa dakika?

Namba yenyewe ni meno ya krauni (gia kubwa ndani ya difu) ukigawanya kwa meno ya pinioni (gia ndogo inayoizungusha). Krauni ya meno 41 na pinioni ya meno 10 ni 4.10, krauni ile ya 41 na pinioni ya 11 ni 3.73. Kutoka 3.55 kwenda 4.10, nguvu ya kuzungusha inayofika kwenye magurudumu inaongezeka kwa karibu asilimia 15 katika kila gia. Unachotoa ni kasi: kwa mizunguko ile ile ya injini, gari linakwenda taratibu zaidi kwa asilimia 13 hivi.

Sasa kalamu na karatasi. Chukua gari linalomaliza mita 402 kwa kilomita 180 kwa saa, tairi za nyuma zina kipenyo cha inchi 28, na gia ya juu ni moja kwa moja, yaani injini ikizunguka mara moja, mhimili unaoingia kwenye difu nao unazunguka mara moja. Kilomita 180 kwa saa ni mita 3,000 kwa dakika. Tairi hiyo ikizunguka mara moja inatambaa mita 2.23, kwa hiyo inazunguka kama mara 1,343 kwa dakika. Zidisha kwa difu: 3.55 inakupa mizunguko 4,770, 4.10 inakupa 5,500, na 4.56 inakupa 6,120. Kama injini yako inatoa nguvu yake ya juu kwenye 6,000, ile ya 3.55 inakufikisha mstarini injini ikiwa bado imelala. Unataka kukata mstari ukiwa umepita kilele kidogo tu, kwa hiyo hapo 4.56 ndiyo yako.

Hiyo ni kwa gari la gia za mkono. Kwenye otomatiki, toki konveta (kifaa cha mafuta kinachounganisha injini na giaboksi) huteleza, na mimi huongeza kama asilimia 5 kwenye hesabu. Kwa 4.56 unafika 6,430, na kama kikomo cha injini ni 6,500 unacheza ukingoni. Rudi 4.30, utapata kama 6,060. Gari lile lile, kasi ile ile, difu tofauti.

Usisahau tairi, maana hapa ndipo hesabu za wengi zinapoharibika. Ukitoa tairi za inchi 28 ukafunga za 26, difu ya 4.10 itafanya kazi kama 4.42. Na zile laini za mbio zisizo na kashata hutanuka kadiri kasi inavyopanda, kwa hiyo kipenyo ulichopima gari likiwa limesimama si kile kile cha mwisho wa njia.

Kuna jambo jingine ambalo saa ya mizunguko haisemi: gia moja ya ziada. Difu kubwa ikikulazimisha kubadilisha gia mita chache kabla ya mstari, muda unaopotea hapo unaweza kula yote uliyoyapata mwanzoni. Mwanzoni nako, zidisha difu kwa gia ya kwanza. Gia ya 2.97 na difu ya 4.56 ni 13.5, kwa tairi za kawaida za barabarani hiyo ni moshi na kelele, gari halisogei. Injini za turbo pia hupenda namba ndogo kidogo, kwa sababu mzigo ndio unaoipa turbo nafasi ya kujaza hewa.

Anayedhani namba kubwa ni ushujaa aangalie Top Fuel, daraja la magari ya dragi yenye kasi kubwa kabisa. Magari hayo hupita kilomita 500 kwa saa ndani ya mita 305, na kanuni za NHRA, chama cha mbio za dragi kule Marekani, zinayafungia difu ya 3.20.

Kabla ya kununua chochote, hakikisha una difu gani sasa; maandishi kwenye vipuri vya mitumba usiyaamini sana. Kama difu si ya loki (ile inayolazimisha magurudumu mawili kuzunguka pamoja), nyanyua gurudumu moja la nyuma, weka gia huru, zuia magurudumu mengine vizuri, chora alama ya chaki kwenye propela (mhimili unaotoka giaboksi hadi kwenye difu) na kwenye tairi. Zungusha gurudumu mara mbili kamili, hesabu propela imezunguka mara ngapi. Mara nne na nukta ndogo, ni 4.10. Mara tatu na nusu na kidogo, ni 3.55.

Na kama gari hilo hilo ndilo la kwenda nalo kazini: kwa kilomita 100 kwa saa, ukiwa kwenye gia ya moja kwa moja, 3.55 inazungusha injini mara 2,650, 4.10 mara 3,060. Mafuta utayaona. Spidomita inayosoma kwenye giaboksi nayo itaanza kukudanganya kwa asilimia 15 juu, mpaka uisahihishe.