Fundi wa Nyuzi Ajibu: Kiti cha Baba na Kaseti ya Peter Green

SWALI

Mzee wetu, pokea salamu kutoka Nakuru. Baba alikuwa mfanyakazi wa reli, na alituacha mwezi wa pili mwaka huu. Tangu 2021, kila tarehe 25 Julai jioni alikuwa akitoa kiti nje, anaweka kaseti ya Peter Green, mpiga gitaa Mwingereza, na hakuna aliyeruhusiwa kumsemesha hadi upande wa kwanza uishe. Mwaka huu nataka kukitoa kiti hicho mimi. Kaka zangu wanakataa. Wanasema huyo Mzungu alirukwa na akili kwa sababu ya madawa, akaishia kuchimba makaburi, sasa tutamtajaje siku moja na baba? Pia nimerithi gitaa la umeme la baba. Nimejaribu kuitoa ile sauti inayolia kama inatokea puani, nimeshindwa. Baba alikuwa anasikia nini?

Binti wa marehemu, Nakuru

JIBU

Binti yangu, pole sana kwa msiba. Kiti kitoe. Hilo nalisema kwanza ili usilale nalo.

Mwaka wa 1983 nilikuwa mpiga solo katika bendi ya benga hapa Kisumu, na mchana nikitengeneza redio kwenye kibanda karibu na soko la Kibuye. Mwalimu mmoja Mwingereza aliyekuwa anarudi kwao aliniletea redio kaseti, na alipokuja kuichukua akaniachia kaseti moja kama asante. Nilipoiweka, noti zilikuja polepole mno hata nikadhani betri zimekwisha. Nikavuka barabara nikanunua nyingine nne mpya. Mwendo ukabaki uleule. Nikasimama pale na bisibisi mkononi mpaka upande ukaisha.

Uelewe nilikuwa natoka wapi. Solo ya benga haipumziki. Imezaliwa na nyatiti, nyuzi nane zinazozungumza bila kukoma, na gitaa linamjibu mwimbaji neno kwa neno. Mwimbaji akinyamaza ndipo vidole vinafunguliwa vikimbie. Naipenda hivyo hadi leo. Green alikuwa anapiga noti tatu, kisha anaacha. Pale alipoacha ndipo nilipokuwa nashikwa, kila mara palepale. Nadhani baba yako naye alishikwa hapo, ndiyo maana hakutaka mtu aongee. Ukiongea, unapaziba.

Utafute wimbo usio na maneno unaoitwa "The Supernatural", wa mwaka 1967, alipokuwa katika bendi ya blues ya John Mayall. Alikuwa kijana wa miaka ishirini tu, mzaliwa wa Bethnal Green, London, aliyeingia mahali pa Eric Clapton, mpiga gitaa mashuhuri, nafasi ambayo ingemfanya mwingine apige kwa fujo ili aonekane. Yeye anashika noti moja na kuiacha ining'inie mpaka amplifaya inaanza kuimba pamoja naye. B.B. King, mpiga gitaa Mmarekani, mwenye blues yake, alisema hajapata kusikia sauti tamu kama ya kijana huyo, na kwamba ni yeye peke yake aliyemtoa jasho baridi.

Mwaka huohuo wa 1967 akaanzisha bendi. Yeye ndiye kiongozi, na jina lililokuwa linavuta watu ni lake. Lakini bendi aliipa majina ya mpiga ngoma na mpiga besi: Mick Fleetwood na John McVie, ikawa Fleetwood Mac. McVie mwenyewe alikuwa hata hajakubali kujiunga! Nimepiga katika bendi sita maishani, na nimeona ndugu wa tumbo moja wakiachana kwa sababu ya jina la kuandikwa kwenye bango. Waambie kaka zako hilo kabla hawajakuambia habari ya makaburi.

Sasa gitaa. Lake lilikuwa Gibson Les Paul ya 1959, lenye pikapu mbili. Simaanishi gari, ni kile kisanduku chenye sumaku na koili kinachokaa chini ya nyuzi. Ile ya upande wa shingo sumaku yake ilikuwa imegeuzwa. Ukitumia pikapu moja moja, husikii tofauti yoyote. Ukiweka swichi katikati ili zote mbili zifanye kazi, moja inavuta wakati nyingine inasukuma. Sauti nzito zinafutana, na inayobaki ni hiyo nyembamba ya puani unayoitafuta. Kama pikapu za baba zina nyaya nne kila moja, fundi anaweza kubadilisha nafasi za nyaya mbili za pikapu moja tu, kazi imekwisha. Kama ni waya mmoja wenye ganda la chuma, afadhali sumaku yenyewe ya pikapu moja igeuzwe, la sivyo gitaa litanguruma kila ukigusa kifuniko. Baadaye punguza volyumu ya pikapu moja kidogo sana, na utasikia mwili wa sauti ukirudi. Cheza hapo katikati.

Lakini gitaa lilelile Green alimuuzia mpiga gitaa mwenzake, Gary Moore, kwa bei ya chini, na Moore alilipiga miaka mingi likasikika kama Gary Moore. Tangu 2014 linamilikiwa na Kirk Hammett, mpiga gitaa wa bendi ya Metallica. Sumaku ni ileile. Usiipe kazi ambayo ni ya vidole vyako.

Nije kwa kaka zako. Ni kweli Green alitumia LSD, dawa ya kulevya inayomfanya mtu aone yasiyokuwepo, na waliokuwa naye wanalaumu usiku mmoja mjini Munich mwaka 1970. Mwezi Mei mwaka huo akaiacha bendi, akawa anagawa fedha zake. Madaktari walikuta ana skizofrenia, ugonjwa wa akili. Akalazwa, na kweli akafanya kazi ya kuchimba makaburi. Mimi sioni aibu katika jembe hilo. Na ugonjwa ule naujua kwa karibu, kwa sababu mpiga rhythm wetu aliupata. Watu walisema amelogwa, wengine wakamwita chizi mbele ya watoto wake. Ndugu zake walizunguka naye miaka miwili kabla ya kumfikisha hospitali. Aliporudi, vidole vilikuwa vizito kwa ajili ya dawa. Tulipunguza mwendo wa nyimbo ili aingie. Hakuna mchezaji aliyeondoka ukumbini kwa hilo.

Green naye alirudi. Mwaka 1979 alitoa albamu "In the Skies", na miaka ya tisini akazunguka tena na kundi la Splinter Group. Hakuwa na kasi ya zamani, ila ile nafasi kati ya noti alirudi nayo. Februari 2020 Mick Fleetwood alimwandalia tamasha London, wanamuziki wakubwa wakapiga nyimbo zake angali hai. Tarehe 25 Julai akafariki usingizini, akiwa na miaka 73.

Jioni hiyo anza na "Albatross", ya 1968: magitaa yanayoteleza bila neno hata moja, na Fleetwood akigonga ngoma kama maji ya jioni yanapogusa ukuta wa bandari hapa kwetu. Kisha "Man of the World", ya 1969. Hapo anaimba kwamba hakuna anachokosa, halafu kwa sauti ya chini anatamani asingezaliwa. Huo waketishe kaka zako wausikilize. Wasiposema kitu, na wewe usiseme.

Kabla ya siku hiyo, zungusha kaseti kwa kalamu mbele na nyuma mara moja, kwa kuwa imelala tangu mwaka jana na utepe hushikana. Gitaa ukipata nafasi uniletee Kisumu. Usilirushe kwenye buti la matatu, lipakate.